Tulianza vijana 25 shambani, tumebaki saba: nini humvuta kijana wa mjini kwenye kilimo?

Swali: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana huku Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka jana mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapa mtaani alituruhusu tulime eneo la nyuma ya madarasa, kama robo eka hivi. Tulianza vijana 25, tukapewa mafunzo ya siku tatu, mbegu na keni za kumwagilia. Sasa tumebaki saba, na watano kati yetu ni wasichana. Diwani anasema vijana wa siku hizi hawapendi kilimo, wanapenda kubeti na bodaboda. Mimi siamini hivyo, ila sina jibu la kumpa. Ni nini hasa kinachomvuta kijana wa mjini aingie kwenye kilimo na akae? Na tufanye nini ili waliotoka warudi?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Diwani wako kakosea, lakini nusu ya jambo kaiona, kwa hiyo tuanzie hapohapo kwenye bodaboda. Kazi ile ina vumbi, ina ajali, ina kukimbizana na askari, na bado vijana wanaigombania. Sababu ni kwamba hesabu yake inafungwa siku hiyohiyo. Jioni dereva anajua kapata nini baada ya mafuta na baada ya fedha ya tajiri. Kijana anayedaiwa kodi ya chumba na anayekula kwa mama lishe kwa kuandikiwa daftarini hana uwezo wa kusubiri miezi mitatu, hata akipenda kilimo kwa moyo wake wote.

Hukuniambia mlipanda nini. Nikibahatisha nitasema nyanya, hoho au tikiti, kwa sababu ndivyo mafunzo mengi ya siku tatu yanavyopenda: mazao yanayopendeza kwenye picha. Nyanya inataka miezi mitatu hivi tangu kitaluni hadi kuchuma mara ya kwanza. Katikati hapo kuna dawa, na kuna kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini miaka ya 2010 na ambaye akikukuta bila maandalizi anakuachia majani yaliyokauka na matunda yenye matundu. Kijana anamwagilia wiki kumi na mbili bila kuona shilingi, kisha anaona matundu. Hapo kumwita mvivu ni kumwonea.

Sasa linganisha na mchicha. Tuta la mita moja kwa mita kumi, samadi ya kuku iliyokwisha kuoza (Mbagala mabanda ya kuku wa nyama ni mengi, na wenyewe mara nyingi wanatafuta pa kuitupa), mbegu umezichanganya na mchanga mkavu ili zisimwagike rundo moja, maji asubuhi na jioni. Ndani ya wiki zimeota. Wiki ya tatu au ya nne anakuja mama mwenye beseni, analikagua tuta kwa jicho, mnapatana bei ya tuta zima, anang'oa mwenyewe, anafunga mafungu mwenyewe, anaondoka nayo magengeni. Hulipi usafiri, hulipi dalali. Ukiwa na matuta manne na ukipanda moja kila wiki, kuanzia wiki ya nne kuna fedha kila wiki. Ukichomeka na marando ya matembele pembeni, mwezi na nusu baadaye unaanza kuchuma na unaendelea kuchuma. Soko liko miguuni penu: sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam, na nyumba nyingi katika hizo jioni hupika mboga ya majani.

Lakini kabla hujakimbilia mbegu za mchicha, piga hesabu moja ambayo nadhani hakuna aliyewapigia. Robo eka ni kama mita za mraba elfu moja. Ukiacha njia, kitalu, rundo la samadi na mahali pa kuweka vifaa, mnabaki na matuta 60 hivi ya ukubwa niliousema. Gawanya kwa watu 25: kila mmoja matuta mawili na kitu. Hakuna kijana wa Mbagala anayeweza kuamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kwa ajili ya matuta mawili. Gawanya kwa saba: matuta manane kila mtu, yaani kila wiki matuta mawili yanakomaa na kuuzwa. Hiyo si fedha ya kujengea nyumba, ila ni fedha ya kodi ya chumba na nauli, na ni fedha inayomfanya mtu arudi kesho yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya walioondoka hawakukimbia kilimo. Shamba halikuwatosha, wakaliona hilo mapema kuliko viongozi wao.

Hilo linanileta kwenye swali la pili lililojificha ndani ya lako. Kinachomwingiza kijana shambani na kinachomweka shambani ni vitu viwili tofauti, na miradi mingi ninayoijua ilikufa kwa kuvichanganya. Fikiria siku ya kwanza mlipokuwa 25. Kuna waliokuja kwa sababu rafiki yao amekuja. Kuna waliosikia kwamba kikundi kikisajiliwa kitapata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, asilimia 4 ya wanawake na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo ule hauna riba na si jambo baya. Ila anayekuja kwa ajili ya mkopo anakuja kwa ajili ya mkopo. Ukichelewa, naye anachelewa, mwishowe mnabaki na majina ya kwenye karatasi. Na kuna waliokuja kwa ajili ya posho ya mafunzo.

Kuhusu posho niseme zaidi, maana nimeiona ikiua vikundi vizuri. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Deci alitoa matokeo ya jaribio alilolifanya kwa wanafunzi wa chuo. Aliwapa mafumbo ya kupanga vipande ili kupata maumbo. Wengine aliwalipa kwa kila umbo walilolipata, wengine hakuwalipa. Baadaye malipo yalipokoma, wale waliowahi kulipwa walipoachwa peke yao chumbani waliyagusa mafumbo kwa muda mfupi zaidi kuliko walivyokuwa wakifanya kabla ya kulipwa. Kitu walichokuwa wakikifanya kwa kukipenda kilikuwa kimegeuka kazi ya mtu mwingine. Anayelipwa elfu kadhaa kwa kukaa kwenye semina ya kilimo anajifunza kwamba kilimo ni jambo la mfadhili. Posho ikiisha, naye amemaliza.

Ila nadharia hiyo usiipokee kama msahafu. Wanafunzi wa Deci hawakuwa na mama mgonjwa nyumbani wala mwenye nyumba mlangoni. Kijana mwenye njaa humwambii alime kwa mapenzi. Fedha lazima iwepo, na iwepo mapema, lakini itoke kwenye tuta na si kwenye bahasha ya semina. Ndiyo maana nimeanza na mama mwenye beseni. Noti anayokupa yeye inakwambia kwamba unajua kulima. Noti ya posho inakwambia tu kwamba ulihudhuria.

Deci na mwenzake Richard Ryan waliendelea na utafiti huo kwa miaka mingi, na walifikia hoja kwamba mtu hudumu kwenye jambo pale anapojiamulia mwenyewe, anapojiona anaweza, na anapokuwa na watu anaohusiana nao katika jambo hilo. Yapime mambo hayo matatu kwenye shamba lenu. Nani aliamua mpande nini? Nani alipanga zamu? Kama ni mratibu wa mradi, basi vijana walikuwa vibarua wasiolipwa. Na je, shamba lilikuwa la wote au kila mtu alikuwa na matuta yake? Wazee wetu wa vijiji vya ujamaa wanakumbuka vizuri palilizi ilianzia wapi, kwenye shamba la kijiji au kwenye shamba la mtu nyuma ya nyumba yake. Mimi nashauri mfanye hivi: maji, samadi, dawa na wateja viwe vya pamoja, matuta yawe na wenyewe. Mtu aone tuta lake likikauka kwa sababu hakuja Jumapili, na aone la jirani yake likiuzwa.

Kuhusu watu, usidharau kijiwe. Vijana wengi niliowaona wakidumu walikaa kwa sababu shambani palikuwa na kivuli, benchi na mazungumzo ya mpira. Wazazi wanapolalamika kwamba watoto wanashinda kijiweni, mimi huuliza kwa nini kijiwe kisihamie kando ya matuta.

Sasa lipo jambo zito zaidi, nalo ni heshima. Eneo mnalolima liko nyuma ya madarasa. Nakuuliza: katika wale 25, wangapi walisoma shule hiyo, na wangapi walishawahi kulima eneo hilohilo kama adhabu ya kuchelewa namba au kuzungumza darasani? Tumewafundisha watoto tangu darasa la pili kwamba jembe ni fimbo ya aina nyingine, kisha wakifika miaka 20 tunawashangaa hawalipendi. Na si shule peke yake. Mwaka 1972 TANU ilitangaza Siasa ni Kilimo kule Iringa. Njaa ya 1974 na 1975 ikaleta Kilimo cha Kufa na Kupona, watu wa mjini wakahimizwa walime kila penye nafasi. Kisha ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, ambapo asiye na kazi inayotambulika Dar es Salaam aliweza kukamatwa na kupelekwa kulima mashambani. Miaka hiyohiyo mishahara ilikuwa imekwisha nguvu, na wenye viwanja vikubwa huko Mikocheni na Oysterbay walikuwa wakifuga kuku na ng'ombe na kuita shughuli hiyo mradi. Kilimo cha mjini kikawa na sura mbili: mwenye kiwanja ana mradi, asiye na kazi anapelekwa shamba. Kijana wa leo hakuishi miaka hiyo, lakini mama yake aliyemwambia asome sana asije akaishia shambani aliiishi.

Hotuba haiondoi hilo. Kinachosaidia ni kijana kuonekana na watu wa rika lake akiwa na fedha yake, simu yake na kauli yake. Namfahamu fundi simu mmoja wa Tandika aliyeanza na matuta manne kwenye ua wa bibi yake. Alfajiri anapiga picha ya mboga zikiwa na umande, anaiweka kwenye hali yake ya WhatsApp, na kabla hajafungua kibanda cha simu majirani wameshaagiza. Hakuanza kwa kupenda kilimo. Alianza kwa sababu siku hizo simu za kutengeneza hazikuwa nyingi. Alipoulizwa kwa nini ameendelea hata kazi ya simu ilipochangamka, hakutaja faida kwanza. Alisema wateja wa mboga ndio hao wanaomletea simu, na kwamba nyumbani siku hizi anaulizwa ushauri. Wanaokuja kujifunza kwake ni vijana wenzake, bila semina, kwa sababu wamemwona.

Kuna hoja moja inayotumiwa sana na miradi, nayo ni kwamba kilimo cha nyumbani kinaokoa fedha ya mboga. Ni kweli, ila inamgusa mnunuzi wa mboga. Kule Kibera, Nairobi, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, bustani za magunia zilienea sana kuanzia 2008: gunia la udongo na samadi, nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, sukuma wiki na spinachi juu na kwenye matundu ya ubavuni. Waliozishika zaidi walikuwa kina mama, kwa sababu sukuma ya gunia iliwapunguzia gharama ya chakula cha jioni. Kijana wa kiume anayekula kwa mama yake haoni akiba hiyo, inabaki jikoni. Miezi hiyohiyo ya 2008, hapohapo Kibera, kikundi cha vijana kilisafisha jalala kikaligeuza shamba la mboga. Wao walivutwa na mambo mengine: kuwa na kazi ya kufanya, kuuza, na kuonekana na mtaa kama watu waliofanya jambo. Mtaa mmoja, mwaka mmoja, na kila kundi na sababu zake.

Ndiyo maana sikushangaa kusoma kwamba watano kati ya saba ni wasichana. Wengine huenda ni mama wa watoto wadogo, na shamba la jirani linawafaa kwa kuwa mtoto anacheza pale wanapomwona, na kwa kuwa biashara ya mboga mjini iko mikononi mwa wanawake wenzao. Ila angalia jambo hili: kilimo kikianza kuingiza fedha, wavulana hurudi, na mara nyingi hurudi na pampu na sauti kubwa. Andikeni sasa, mkiwa saba, matuta ni ya nani na nani mweka hazina.

Teknolojia nitaipitia haraka. Utasikia kwamba vijana wanavutwa na kilimo cha kisasa: mboga zisizotumia udongo, nyumba za nailoni, vihisio vya unyevu. Vinawavuta kweli, kwa siku ya maonyesho. Kwa robo eka ya kuazima, kitu cha kwanza cha kununua ni tangi la lita elfu na mpira. Udongo wa Mbagala ni mchanga, maji yanapita kama hayajawahi kumwagwa, na kubeba keni mara 60 kila asubuhi kumewafukuza vijana wengi kuliko kubeti. Kama mlikuwa mkichota mbali, huenda hapo ndipo mlipompoteza mtu wa kumi na tatu na wa kumi na nne.

Na maji yawe safi. Tafiti zilizofanywa bonde la Msimbazi zimekuta madini mazito kama risasi kwenye mboga zinazomwagiliwa maji ya mto ule, na wateja wamelisikia hilo. Mkulima anayeulizwa mboga yake ya wapi kisha akatazama chini hawezi kudumu. Mnaotumia kisima mna la kujivunia. Wakaribisheni wateja waje wakione. Onjeni tu chumvi yake, maana visima vya Dar vina tabia hiyo, na miche ya chainizi itaionyesha mapema kwa majani kuungua pembeni.

Jambo la ardhi msilale nalo. Mwalimu mkuu aliwaruhusu kwa mdomo, na mwalimu mkuu akipata uhamisho, ruhusa yake inahama naye. Kijana asiyejua kama mwakani atakuwepo hawezi kubeba samadi ya kurutubisha udongo wa mtu; atapanda harakaharaka, atauza, atatoka. Ombeni kikao cha kamati ya shule, muhtasari uandikwe, miaka itajwe (hata mitatu inatosha kuanzia), nakala iende serikali ya mtaa. Kilimo cha mjini hakikuwa uhalifu hata huko nyuma: kanuni za mipangomiji za 1992 zilikitambua, zikaweka ukomo wa eka tatu kwa mtu. Nairobi nao walikitungia sheria ya kaunti mwaka 2015. Mnayo haki ya kuomba karatasi bila woga.

Kuhusu kuwarudisha walioondoka, usiwarudishe wote. Shamba ni lilelile. Anzeni ninyi saba na mchicha, matembele na chainizi kidogo, mpande kwa kupishana wiki, mfike masika mkiwa tayari. Miezi hiyo mabonde yanajaa maji na bei ya mboga inapanda, na ninyi mko juu kwenye mchanga. Tandazeni nyasi au makuti juu ya vitalu ili mvua isizoe mbegu. Juni hadi Agosti bei itashuka kwa sababu kila mtu ana mboga, msikate tamaa. Mtaa ukishawaona mkiuza, vijana watakuja wenyewe. Hapo mchukue wawili watatu, au mtafute eneo la pili na kuligawa vilevile.

Na kabla ya kumjibu diwani, wapitie wanne watano kati ya walioondoka, wale mliozoeana. Usiwaulize kwa nini waliacha. Watakujibu kwa adabu kwamba walibanwa. Waulize siku ya mwisho walipofika shambani walifanya nini, walikuwa na nani, walirudi nyumbani na nini mkononi. Andika majibu yao kwenye daftari, umpelekee diwani, na nakala unitumie mimi.